Usisaini hiyo nyumba ya "Atlanta" dada, PANGA KWANZA

Dada hapana. Hapana hapana hapana. Nilikua nasoma uzi wako taratibu nakunywa chai, umeeleza vizuri tu, miaka tisa Minneapolis, wewe mhasibu, mumeo yuko IT, watoto wawili, mmechoka baridi na mmechoka kuwa weusi peke yenu kwenye kila kikao, ofisi mpya iko Midtown, katikati ya Atlanta mnakohamia, siku tatu kwa wiki, sawa, nakuelewa kabisa, alafu nikafika kwenye ule mstari wa mwisho uliouandika kama kitu kidogo: "dalali ametupatia nyumba Lawrenceville, tumeiona kwa video, tunasaini wiki tatu zijazo." Chai ikanipanda puani.

Sikusalimii wala sizunguki. Mimi ni wewe wa mwaka 2018. Nilitoka Columbus, Ohio na akili zangu timamu, nikanunua nyumba Georgia kwa kuiangalia kwenye simu, na ile nyumba ilinitoa dola elfu 19 na ushee pamoja na nywele za mbele zote. Mke wangu mpaka leo akitaka kunimaliza kwenye mabishano anasema tu "Powder Springs" alafu anaondoka zake.

Kazi yangu ilikua Clifton Road, kule kwenye mahospitali na maabara karibu na Decatur. Nyumba nikanunua Powder Springs, Cobb County, magharibi huko. Kwanini? Mana dalali alisema ni Atlanta. Hapo ndo tatizo linapoanzia. Mji wenyewe wa Atlanta una watu kama nusu milioni tu, ila hilo eneo zima wanaloliita Atlanta lina watu zaidi ya milioni 6, kwahiyo wengi wanaokwambia wako Atlanta hawapo Atlanta, ni sawa na mtu yuko Mlandizi anakwambia yuko Dar. Haongopi sana, ila wewe muulize anaamka saa ngapi.

Dalali alinitumia picha ya ramani, kutoka mlangoni mpaka kazini dakika 38. Sikumuuliza ameangalia saa ngapi. Nikaja kugundua baadae kabisa kwamba ilikua Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, barabara nyeupe. Jumanne yangu ya kwanza nilitumia saa moja na dakika 35 kwenda, na kurudi ilikua zaidi kwasababu mvua ilinyesha, na Atlanta mvua ikinyesha watu wanaendesha kama wamefungwa kitambaa machoni. Nikawa natoka saa 11 na nusu alfajiri ili niwahi kukaa kwenye gari pakingi ya kazini nikilala. Yani nina nyumba ya vyumba vinne na nalala kwenye Corolla. Pale katikati ya mji ambapo 75 na 85 zinaungana, wenyewe wanapaita Connector, mimi nimezeeka pale pale, kuna bango moja la wakili wa ajali najua mpaka idadi ya meno yake.

Na usiniambie habari za treni. Nilikua na akili hiyo hiyo, nikasema si kuna MARTA, ile treni na mabasi ya umma ya Atlanta. Cobb walipiga kura kuikataa MARTA tangu 1965. Gwinnett, huko huko Lawrenceville kwako, walikataa 1971, wakakataa 1990, wakakataa 2019, alafu 2020 na 2024 wakapigia kura mipango mingine ya usafiri wakakataa tena. Mara tano dada! Kuna utani wa zamani wa wazungu wa vitongojini kwamba zile herufi za MARTA maana yake ni kuwasafirisha Waafrika haraka kupita Atlanta, sasa ukishajua huo utani unaelewa kwanini reli inaishia pale inapoishia. Clayton peke yao ndo walibadili mawazo 2014 wakaingia, na mpaka leo kule ni mabasi. Kwahiyo Lawrenceville mpaka Midtown ni maili 30 hivi za I-85, wewe na usukani wako, na mzee wako na usukani wake.

Lakini foleni ingekua peke yake ningevumilia, mimi nimekulia Mbagala. Kilichoniua ni kodi ya kaunti.

Sikiliza hapa vizuri. Kwenye tangazo la nyumba iliandikwa kodi ya mwaka dola 840. Nikamwambia mke wangu aisee Georgia kodi rahisi hivi, Ohio walikua wanatuibia. Hatukujiuliza kwanini. Aliyetuuzia alikua mzee mstaafu, na Cobb mtu akifika miaka 62 anaweza kuomba asilipe kodi ya shule, na kodi ya shule ndo sehemu kubwa kuliko zote kwenye bili. Ule ulikua msamaha WAKE. Haununui nyumba pamoja na umri wa mwenye nyumba! Mwaka 2018 bili ikaja bado na msamaha wake mana wanahesabu hali ya tarehe 1 Januari, tukazidi kupumbazika. Mwaka 2019 msamaha ukaondoka, bei ya nyumba wakaipandisha kwenye makaratasi yao kufuata tulivyonunua, bili ikaja zaidi ya 3,200.

Bado. Georgia ukiishi kwenye nyumba yako mwenyewe kuna punguzo, wanaita homestead, ila haliji lenyewe, unaomba, na mwisho ni tarehe 1 Aprili. Mimi nilisikia mwezi wa sita kwenye kuchoma nyama kwa Mnaijeria mmoja. Dalali hakunidokeza hata kwa bahati mbaya. Basi benki ikaona ile akaunti ya eskro inayolipia kodi ina upungufu, wakaniletea barua, malipo ya mwezi yanapanda karibu dola 400, nusu kufidia pengo la mwaka uliopita na nusu kodi mpya. Nilisoma ile barua nimesimama kwenye sanduku la posta na slipasi, nikaisoma tena, nikaona labda ni ya jirani.

Nikasema sawa, akili ni nywele (ambazo nilikua nazo bado kidogo), hii nyumba naipangisha, sisi tunaenda kupanga apatimenti Decatur karibu na kazi. Nikaandika barua kwa wale wa HOA. Hujui HOA? Chama cha wenye nyumba wa mtaa, unawalipa hela ili wakusumbue. Walishaniandikia barua mara mbili, moja ya majani kurefuka, nyingine mke wangu alianika kanga kwenye baraza la nyuma. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba mtaa wetu nyumba za kupangisha zina kikomo na kikomo kimejaa, niandike jina langu kwenye orodha ya kusubiri, mbele yangu wako tisa. Imo kwenye makaratasi niliyosaini. Kurasa mia na kitu, nani anasoma? Mimi hapa, msomi, nilisaini kila ukurasa natabasamu.

Kwahiyo nikauza. Januari 2020. Ndiyo, umesoma vizuri, Januari 2020. Niliuza kwa bei ya juu kidogo tu kuliko niliyonunulia, asilimia 6 ikaenda kwa madalali, marekebisho aliyodai mnunuzi, jumlisha gharama nilizolipa wakati nanunua, hiyo ndo elfu 19 na ushee. Alafu Machi Corona ikaingia, kazini wakatuambia wote mkafanyie kazi nyumbani, foleni ikaisha Atlanta nzima, na bei za nyumba zikaanza kupaa kama zimechomwa sindano. Miezi miwili! Sipiti tena ile njia, na nikipita siangalii kulia.

Sasa niwaseme kidogo madalali wetu. Siwatukani wote, na wangu simtaji, ni mtu wa watu, tunasali sehemu moja, kwenye misiba yuko mbele na msosi wake mzuri. Ila elewa hesabu yake. Ukinunua anapata asilimia zake. Ukipanga kwa mwaka mmoja anapata kitu kidogo sana au hapati kabisa. Kwahiyo ukimuuliza "tupange kwanza?" umemuuliza muuza kuku kama ule mchicha. Wangu alinijibu "kupanga ni kumlipia mtu mwingine mkopo wake ndugu yangu". Maneno matamu mpaka nikayarudia kwa watu wengine, Mungu anisamehe. Na yule kijana wa YouTube anayetembeza kamera kwenye majumba makubwa akisema njooni Atlanta weusi wenzangu huku ni Makka yetu, nae ni wakala, soma pale chini kabisa kwenye maelezo kwa maandishi madogo.

Kuhusu hiyo Makka ya Weusi, mana uliuliza kama ni kweli. Ni kweli na sio kweli. Maynard Jackson alishinda umeya 1973, mweusi wa kwanza, na tangu hapo mpaka huyu Andre Dickens wa sasa hajawahi kukaa meya asiye mweusi, na Jackson ndo aliyebana kandarasi za uwanja wa ndege mpaka kampuni za weusi zikapata ulaji, ndo mana jina lake liko kwenye uwanja wenyewe. Unaiona hiyo historia mtaani. Daktari wa watoto mweusi, wakili mweusi, fundi bomba mweusi, mkaguzi wa nyumba mweusi, askari aliyenipiga faini ya spidi mweusi. Kwa mara ya kwanza Marekani nimepigwa faini nikaamini ni spidi tu. Hiyo raha ipo dada, sikunyimi.

Ila usidhani unashuka kwenye gari unapokelewa na vigelegele. Mitandao ya kule ina miaka mingi. Watu wanaulizana ulisoma wapi, Morehouse, Spelman, Clark Atlanta, vile vyuo vya weusi vya hapo hapo, na uko chama gani cha chuoni, wale wa herufi za Kigiriki, wanasalimiana kwa ishara mkutanoni nabaki nashangaa. Mimi nimesoma Mzumbe. Mzumbe dada! Nani ananijua? Ilinichukua mpaka mwaka wa tatu kupata watu wa kunishika mkono kikazi, na niliwapata baada ya kuhamia Decatur, kwasababu saa 11 jioni wenzangu wakienda kunywa kitu kimoja na kuongea mambo ya nafasi za kazi, mimi nilikua sikimbii tena kwenda kupanga foleni ya Connector. Powder Springs hakuna aliyenibagua, ila hakuna aliyeniona pia, nilikua mtu wa kukimbilia gari.

Kwahiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: PANGA KWANZA MIEZI KUMI NA MBILI. Shika ofisi yako Midtown, weka kidole pale, fuata reli. Decatur, East Point, College Park, Chamblee, Doraville, Lindbergh, panga popote treni inapofika, bei zinatofautiana sana. Hata kabla ya kupanga, njoo ukae wiki moja, kodi gari, na Jumanne saa moja asubuhi endesha kutoka kwenye huo mtaa mpaka mlango wa ofisi, na saa 11 jioni rudi. Jumanne dada, Ijumaa inadanganya. Na ukiwa hapo nenda Clarkston ukanunue unga, kuna Wakongo na Warundi wengi waliokuja kama wakimbizi, utasikia Kiswahili dukani mpaka ulie, Kiswahili cha kwao lakini, usiwasahihishe.

Baada ya mwaka utajua mwenyewe unataka Gwinnett au hutaki. Inawezekana ukaipenda, Gwinnett kuna watu wa kila aina siku hizi, chakula kizuri, Wakorea wamejaa. Sina ugomvi na Lawrenceville. Nina ugomvi na video.

Kuna kitu kingine cha gari, mkifika mna siku 30 za kubadili leseni na namba, na wageni wanatozwa asilimia 3 ya thamani ya gari, kila gari, tenga hela. Kodi ya mshahara ni nafuu kuliko Minnesota, hilo mzee atafurahi.

Mkuu mmoja hapo juu kanikumbusha uliuliza pia kuhusu kuhamia Charlotte, North Carolina, na shule za watoto. Charlotte nimelala hoteli usiku mmoja tu, waulizeni wengine. Shule nitarudi kesho mke wangu ndo anajua, mimi wakati huo nilikua barabarani.

Dada ukisoma hii jibu jambo moja tu sasa hivi. Hela ya kishika uchumba cha hiyo nyumba umeshatoa? Kama umetoa usipanik. Mikataba mingi ya Georgia ina siku za uchunguzi, wanaita due diligence, ndani ya hizo siku unaweza kujitoa kwa sababu yoyote ile na hela yako inarudi, zikipita unaweza kuliwa. Fungua mkataba, tafuta hilo neno, angalia ni siku ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, uandike hapa. Sijali hata ukiniamsha usiku.