384 si nambari ya kugawa sokoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa nne, nasomea mipango miji. Mradi wangu unaitwa "Maendeleo Endelevu katika Jiji la Mombasa: Huduma ya Maji". Msimamizi amesema sampuli iwe watu 384. Nina wiki tatu na nauli ya kubahatisha, kwa hivyo nimeona nisimame soko la Kongowea asubuhi, watu hawakosi pale, nigawe hojaji mpaka zitimie. Swali la kwanza ni: "Je, nyumbani kwenu kuna mfereji?" Itafaa?
– Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo 384 tumejuana zamani. Kila mwaka huletwa kwangu kama hirizi, na aliyeivaa ukimuuliza imetoka wapi hana jibu. Chukua 1.96, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 0.25, kisha gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Umekubali kukosea kwa asilimia 5 huku au kule, na uhakika wako ni asilimia 95. Ukiridhika na kosa la asilimia 10, hesabu hiyohiyo inakupa 96. Mwenye nauli ya kubahatisha angeanza kwa kumwuliza msimamizi wake hilo, kwa adabu.

Lakini hesabu yote inategemea sharti moja: watu wachaguliwe kwa kura, si kwa kukutana nao. Kongowea asubuhi utampata nani? Mchuuzi wa nyanya, hamali, mama wa mkahawa, na wanunuzi waliotoka hata Kilifi. Bawabu wa zamu ya usiku amelala kwake Mishomoroni, na bibi asiyeweza kutembea hajafika sokoni tangu mwaka juzi. Jaza hojaji 2,000 pale ukitaka. Utakuwa umeipima Kongowea.

Sasa hilo swali lako la mfereji. Ndilo lililoniaibisha mimi. Miaka hiyo nilikuwa naongoza vijana wa kukusanya takwimu upande huohuo wa Kisauni, na hojaji niliitunga mwenyewe: "Je, mna mfereji?" Karibu kila nyumba ikasema ndiyo. Nikafurahi, nikaanza hata kuandika ripoti kichwani. Siku ya tatu mama mmoja mtu mzima akanishika mkono mpaka uani, akaufungua mfereji. Ukatoa hewa, fyuuu, halafu kimya. "Umeniuliza mfereji, mwanangu. Maji hukuniuliza." Nyuma ya mlango mitungi ya lita 20 imepangwa safu, imeletwa na mkokoteni asubuhi ile. Hojaji za siku tatu zikawa karatasi za kufungia kachiri.

Kwa hivyo uliza: "Mara ya mwisho maji kutoka mferejini ilikuwa siku gani, saa ngapi?" Pengine hutoka usiku wa manane, na anayeamka kuteka ndiye wa kuulizwa. Kisha: "Jana mlinunua mitungi mingapi, na kila mmoja shilingi ngapi?" Jana, si "kwa kawaida", maana hiyo kawaida kila mtu huipamba. Na macho yako pia ni chombo cha utafiti: hesabu mitungi, tazama kama kuna tangi juu ya paa, uandike.

Upunguze uwanja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima. Wiki zako tatu hazifiki huko. Shika mtaa mmoja, na kichwa cha mradi kiutaje. Tembea siku mbili ukiorodhesha kaya. Hapa jihadhari na nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele ni mmoja, lakini ukumbini kuna vyumba huku na huku, na kila chumba huenda kina mpangaji wake, jiko lake na mitungi yake. Ukimhoji mwenye nyumba aliyekaa barazani, atakueleza habari za tangi lake. Orodhesha vyumba. Orodha ikifika kaya 960, chukua kila ya 10, upate zile 96, na ya kuanzia uipigie kura kati ya 1 na 10. Usiwahoji 20 wa kichochoro kimoja kwa sababu umechoka. Majirani wa bomba moja hukaukiwa siku moja.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kiombe mapema, uende nacho kwa chifu na mzee wa mtaa. Kila mtu mweleze unachotaka na umpe nafasi ya kukataa. Namba za simu usichukue kama huna kazi nazo. Kuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Kabla ya yote, ijaribu hojaji kwa kaya 10 za mtaa wa pili, na ukimaliza kila moja omba uonyeshwe mfereji. Ijumaa mchana usibishe hodi kwa mtu.