Maswali ya Wasomaji: Makato ya Malipo ya Kadi

SWALI: Ninaendesha nyumba ya wageni mjini Moshi, na wengi wanaofikia kwangu ni watalii wanaokuja kupanda Kilimanjaro. Mgeni mmoja kutoka Ujerumani alilipa shilingi 480,000 kwa kadi, lakini fedha zilizoingia kwenye akaunti ya biashara zilikuwa shilingi 463,008. Mkataba wangu na benki unasema makato ni asilimia 3, na hesabu hizi mbili hazilingani. Je, nimeibiwa? Na kwa nini nikatwe fedha nyingi kiasi hiki kwa sababu tu mgeni amechanja kadi kwenye mashine?
Mwenye nyumba ya wageni, Moshi

JIBU: Kwa tarakimu ulizotuletea, hujaibiwa, ila inaonekana hukuelezwa jambo lote ulipokuwa unatia saini. Asilimia 3 ya shilingi 480,000 ni shilingi 14,400, nawe umekatwa shilingi 16,992. Tofauti iliyobaki, yaani shilingi 2,592, ni asilimia 18 kamili ya zile 14,400, na hiyo ndiyo kodi ya ongezeko la thamani ambayo Tanzania Bara hutozwa juu ya ada za huduma za benki. Makato yako halisi, kwa hiyo, ni asilimia 3.54. Anayekuja kukuuzia huduma hii na kukutajia asilimia bila kusema kama kodi imo au haimo hakutendei haki, na swali hilo linastahili kuulizwa kabla ya swali lingine lolote. Ikiwa biashara yako imesajiliwa kulipa kodi hiyo, dai ankara ya kodi kutoka benki na uipeleke kwa mhasibu wako.

Kuhusu swali lako la pili, fedha hizo hazibaki zote kwenye benki iliyokupa mashine. Mgeni anapoingiza kadi na namba yake ya siri, mashine hupeleka ombi kwa benki yako, benki yako hulipitisha kwenye mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard, na mtandao hulifikisha kwa benki ya Ujerumani iliyomtolea mgeni kadi. Benki hiyo ndiyo inayoangalia kama fedha zipo na kama kadi haijaripotiwa kuibiwa, kisha jibu hurudi kwa njia ileile kabla mgeni hajaondoa mkono kwenye mashine. Wote watatu hulipwa kutokana na makato yako. Kwa kawaida sehemu kubwa zaidi huenda kwa benki iliyotoa kadi, mtandao huchukua ada yake, na kinachosalia ndicho cha benki yako, ambayo ndani ya sehemu hiyo inapaswa kugharimia mashine, mafundi na faida yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wafanyabiashara wetu wa utalii wanahitaji kulielewa vizuri. Kiasi kinachokwenda kwa benki iliyotoa kadi hakipangwi na benki yako. Hufuata jedwali la mtandao wa kadi, nalo hutofautisha kadi ya ndani ya nchi na kadi ya nje, kadi ya mtu binafsi na kadi ya kampuni, malipo ambayo kadi imeingizwa kwenye mashine na malipo ambayo namba zake zimeandikwa tu kwenye tovuti. Kadi za hadhi ya juu, zile zinazompa mwenyewe pointi za safari za ndege, aghalabu hukugharimu zaidi, kwa kuwa zawadi hizo hugharimiwa kwa sehemu na ada zinazolipwa na wauzaji kama wewe. Nchi kadhaa ziliona kwamba muuzaji hana namna ya kukwepa ada hii, zikaingilia kati. Australia ilianza kuidhibiti mwaka 2003. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo kuanzia tarehe 9 Desemba 2015: asilimia 0.2 kwa kadi za debiti, yaani zile zinazotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenyewe, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, zote za watu binafsi. Ukomo huo, hata hivyo, hufanya kazi pale tu ambapo benki ya mwenye kadi na benki ya muuzaji zote zimo ndani ya eneo linalohusika. Kadi ileile ambayo muuzaji wa mikate mjini Hamburg huipokea chini ya ukomo huo, ikifika Moshi haina ulinzi huo tena, na kwa maoni yangu huo ni mzigo usio wa haki kwa biashara ndogo zinazotegemea wageni.

Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishania makato yote kwa jumla. Sehemu unayoweza kuijadili ni ile ya benki yako. Omba ikutajie kiwango cha kadi za ndani na kiwango cha kadi za nje, kila kimoja peke yake, kwa sababu kiwango kimoja cha jumla mara nyingi humfanya muuzaji alipie kadi za ndani kana kwamba zimetoka ng'ambo. Uliza pia kama kuna malipo ya kila mwezi ya kukodi mashine, na kama makato hurudishwa unapomrejeshea mgeni fedha zake. Mwisho wa mwezi chukua taarifa ya benki, ujumlishe kila kilichokatwa, ugawanye kwa mauzo yote ya kadi. Asilimia utakayoipata hapo ndiyo ya kulinganisha na ahadi ya benki nyingine.

SWALI: Wenzangu wenye maduka ya vinyago huongeza asilimia 5 kwa mteja anayelipa kwa kadi. Je, nami nifanye hivyo?
Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Soma kwanza mkataba wako, kwa sababu mikataba mingi ya mashine za kadi humkataza muuzaji kuongeza bei kwa sababu ya kadi au humwekea masharti. Wageni kutoka Ulaya, hata Uingereza, hushangazwa sana na nyongeza hiyo, kwani huko imepigwa marufuku kwa kadi za kawaida za watu binafsi tangu tarehe 13 Januari 2018. Zaidi ya hayo, ikiwa makato yako ni asilimia 3.54 kama ya mwenzako wa Moshi, kumtoza mteja asilimia 5 ni kujipatia faida kwa jina la benki, na sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Ingiza gharama hiyo kwenye bei za bidhaa zote. Kumbuka tu kwamba makato hupigwa juu ya bei mpya: ili ubakiwe na shilingi 480,000, unapaswa kutoza takriban shilingi 497,616.

SWALI: Nina mgahawa mdogo mjini Columbus, Ohio. Chai na maandazi ni dola 4, na karibu kila mtu hulipa kwa kadi. Mbona makato yananiumiza kuliko duka la jirani linalouza nguo?
Msomaji, Marekani

JIBU: Kwa sababu sehemu ya ada ni kiasi kisichobadilika kwa kila malipo. Tangu Oktoba 2011, kadi za debiti za benki kubwa za Marekani zina ukomo wa senti 21 na asilimia 0.05 ya malipo, pamoja na senti moja inayoweza kuongezwa kwa ajili ya kuzuia ulaghai. Kwa nguo ya dola 100 hiyo ni senti 27. Kwa chai yako ni zaidi ya senti 22, yaani kama asilimia 5.5, kabla mtandao na kampuni ya mashine hawajachukua chao. Sheria ya mwaka 2010 inakuruhusu kuweka kima cha chini cha manunuzi, kisichozidi dola 10, lakini kwa kadi za mkopo pekee, hivyo kibao utakachobandika kaunta kitaje kadi hizo waziwazi.