Wote mnafanya kazi, sawa, ila zamu ni ngapi?

Kaka umeuliza mbona waifu analalamika kachoka wakati wote mnatoka kazini saa kumi na moja. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, miaka ya 80 alikuwa anaingia majumbani mwa watu huko California kuangalia jioni nani anafanya nini, akachapisha kitabu 1989, hizo kazi za nyumbani baada ya kutoka kazini akaziita zamu ya pili. Kwa hesabu yake wanawake walifanya kazi kuzidi wanaume kama masaa 15 kwa wiki, ukijumlisha za kazini na za nyumbani, yaani kwa mwaka mwezi mzima, usiku na mchana! Kuna mke na mume walimwambia wanagawana nusu kwa nusu, mke juu mume chini, kumbe juu ndo jiko, sebule na vyumba, huko chini ni gereji na mbwa 😂

Nilicheka ila mi mwenyewe hapa Uyole ni walewale tu, mama watoto anatoka kuuza viazi Mwanjelwa, akifika anawasha mkaa, mtoto mgongoni, maharage hayajaiva, anafua sare na maji ya Mbeya ya mwezi wa sita unayajua, mi niko kwenye kochi na simu nasema "nimelisha kuku".