Kabla hujasambaza ile picha ya piramidi

Nafundisha historia sekondari huku kusini mwa Tanzania. Simu shuleni ni marufuku, lakini likizo zipo, na kila muhula ukifunguliwa hakosi mwanafunzi wa kuniletea habari aliyoisoma mtandaoni chini ya picha ya piramidi: Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki, aliingia maktaba ya Alexandria huko Misri, akabeba vitabu vya Wamisri weusi, akaandika jina lake juu. Wengine hutegemea nitashangilia, wengine nitawacheka. Mimi huuliza miaka tu. Mji wa Alexandria ulianzishwa mwaka 331 KK. Aristotle alifariki 322 KK. Maktaba ile ni kazi ya ukoo wa Ptolemy, watawala wa Misri wenye asili ya Kigiriki, yeye akiwa ameshazikwa. Dai lenyewe wala halikuzaliwa mtandaoni. Limo katika kitabu cha George James cha mwaka 1954, na watu wamekuwa wakipokezana tangu hapo bila kulikagua.

Ukishagundua hilo, usikimbilie kuutupa mtazamo mzima wa Kiafrosentriki, yaani ule unaoisimulia historia ukimweka Mwafrika katikati. Mwaka huohuo wa 1954 Msenegali Cheikh Anta Diop alichapisha hoja yake kwamba Misri ya kale ni ustaarabu wa watu weusi. Tofauti ni kwamba Diop alijua atabishiwa, akajiandaa. Alisoma fizikia na isimu, akaanzisha Dakar maabara ya kupima umri wa mabaki ya kale. UNESCO ilipoitisha mkutano Cairo mwaka 1974, alikwenda na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville, wakakaa meza moja na mabingwa wa Misri ya kale. Wengi hawakukubaliana nao. Hata hivyo ripoti ya mkutano ilikiri kwamba hao wawili walikuja wamejiandaa kwa kina ambacho wenzao hawakukifikia. Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na Diop, kisha amsome anayempinga Diop, ndani ya mwezi huohuo kabla moyo haujachagua upande.

Nguvu ya mtazamo huu ni swali moja: katika habari hii ya Afrika, Mwafrika amewekwa wapi? Lipeleke swali hilo Kilwa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba Msikiti Mkuu, lile jumba la sultani liitwalo Husuni Kubwa, na miji yote ya mawe ya mwambao ni kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, wenyeji wakiwa wabeba mizigo. Wachimbaji walipoacha kuanzia na mgeni, ardhi ilisema mengine. Huko Shanga, kisiwani Pate katika pwani ya Kenya, walikuta nyumba za miti na udongo na msikiti mdogo wa miti chini ya ule wa mawe, tangu karne ya 8. Mji ulikua polepole mikononi mwa wenyeji. Haukushushwa kutoka jahazini.

Hapo ndipo wengi wetu tungependa kufunga daftari. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya mwambao. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, na wengi wa mababa hao walikuwa Waajemi, waliochanganyika na wenyeji kuanzia mnamo mwaka 1000. Zile simulizi za Washirazi, kwamba mababu zao walitoka Uajemi, ambazo baadhi yetu tulizoea kuzipuuza kama majigambo ya masultani, zilikuwa na chembe ya kweli. Niliona watu wazima wakikasirika. Wengine nao wakashangilia kwamba sasa imethibitika Waajemi ndio waliojenga, kana kwamba damu ya baba ndiyo inayochoma chokaa. Kote kulikuwa na ugonjwa uleule wa kutaka asili moja isiyochanganyika. Ukiona hoja yako ya kihistoria inategemea usafi wa damu, jua umeazima kipimo cha wale waliokudharau.

Kutaka usafi wa damu ni udhaifu wa kwanza wa mtazamo wa Kiafrosentriki. Wa pili unaniudhi zaidi. Mtazamo huu, hasa ule wa mitandaoni, unapenda wafalme. Piramidi, dhahabu, kiti cha enzi. Nikiwa Kilwa na wanafunzi huwasimulia fahari ya Husuni Kubwa, kisha huwasimulia mwaka 1776, Sultani wa Kilwa alipotia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mzazi mmoja aliwahi kunilaumu kwamba nawavunja moyo watoto. Sikuacha. Ukimweka Mwafrika katikati, muweke na yule aliyefungwa minyororo, si sultani peke yake. Vinginevyo umebadilisha rangi ya mkuu tu na kuacha hadithi ya wakuu ilivyo.

Na kwa nini ukubwa upimwe kwa mawe? Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma katika matanuri yenye joto kali kiasi cha kupata chuma cha pua. Watafiti waliandika habari hiyo mwaka 1978 baada ya kuwaomba wazee walioijua kazi wajenge tanuri upya. Hakuna mfalme katika picha hiyo, ila mafundi na masizi. Wanafunzi wangu huipenda kuliko Misri, labda kwa sababu kuna anayeweza kusema babu yake aliyaona matanuri hayo.

Basi ikikujia picha ya piramidi kwenye kundi la familia, mjibu mjomba kwa adabu: hii ni ya mwaka gani, iko wapi, nani aliichimba? Mjomba wangu siku hizi anayo majibu kabla sijauliza, na mara mbili tatu amenisahihisha mimi.