Jibu: Kumtafuta Mungu kwa akili bila kitabu
Ndugu wa Kirumba, umeuliza kama mtu anaweza kumtafuta Mungu kwa akili tu, bila Biblia wala Kurani. Inawezekana, ila usikimbilie jibu. Tazama Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa Mwanza pale Ziwa Victoria, limekaa kama limepangwa kwa mkono. Ukisema "lazima kuna aliyeliweka", hoja imevunjika: mvua, jua na maji vimeula mwamba taratibu hadi likabaki hivyo.

Andika kila dai kwenye mstari wake, kisha ulipinge kwa nguvu zote. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alipanga hivi: kila chenye mwanzo kina chanzo, ulimwengu una mwanzo, basi una chanzo. Dai la pili ndilo zito, kaa nalo sana. Hata likisimama, bado hujathibitisha kwamba chanzo hicho kinasikia dua. Hilo linahitaji hoja yake peke yake, na wengi huliruka.