Mgonjwa wa moyo akichoka haraka, msimwambie ajikaze

Nimemuuguza mama yangu kwa miaka kadhaa sasa. Moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa, na chanzo chake ni presha iliyokaa mwilini muda mrefu bila tiba. Katika yote aliyopitia, neno ninaloona linamuumiza kuliko sindano ni "jikaze". Analisikia kutoka kwa watu wanaompenda. Wanamkuta amekaa barazani, miguu haijavimba, anaongea, anacheka. Akinyanyuka kuanika nguo tatu nne anarudi anatweta, hawezi kumaliza sentensi. Mjomba anasema dada yake amedeka. Jirani ananivuta pembeni kuniuliza kama mama anameza dawa kweli.

Naandika kwa ajili ya wanaoishi na mgonjwa wa namna hii. Ukijua nguvu zake zinapotelea wapi, utajua pa kumsaidia na cha kumuuliza daktari.

Tuanze na moyo wenyewe. Mtu mzima aliyekaa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Mtu mwenye afya akijituma sana, kiasi hicho huongezeka mara tatu, mara nne, hata zaidi, kwa sababu moyo unapiga haraka na kila pigo linatoa damu nyingi. Moyo unaoumwa unaweza kuumudu mwili uliokaa. Akiba ya kupandisha ndiyo hauna. Ndiyo maana barazani huoni tatizo lolote, na kwenye ngazi ya kumi mgonjwa anashika ukuta.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kinatoa asilimia inayoonyesha ni kiasi gani cha damu iliyojaa kwenye chumba kikuu cha moyo kinachotoka kwa kila pigo. Asilimia ya mama ilikuwa chini ya 40. Baada ya kutumia dawa vizuri ilipanda, nasi nyumbani tukashangilia. Nguvu, hata hivyo, hazikupanda kwa mwendo huo. Daktari alituambia jambo ambalo natamani kila familia ilisikie mapema: ile asilimia hupimwa mtu akiwa amelala kitandani, na haitabiri vizuri atatembea umbali gani. Wapo wenye asilimia ndogo wanaofika sokoni na kurudi, na wapo wenye asilimia nzuri wasiofika getini.

Hao wa mwisho ndio wanaodhaniwa wavivu zaidi, kwa sababu majibu yao yanasomeka vizuri. Asilimia inaweza kuwa 50 na kuendelea, lakini ukuta wa moyo umekakamaa kama kiriba kilichokauka. Moyo unasukuma, shida ni kujaa. Akiwa ametulia, damu inapata muda wa kuingia taratibu. Akitembea, mapigo yanaongezeka, muda wa kujaa unapungua, na presha ndani ya moyo inapanda na kurudi nyuma hadi kwenye mapafu. Pumzi inakata hapo hapo. Akikaa, hali inatulia, na akifika kwa daktari ameshapumzika kwenye benchi. Hali hii huwapata sana wanawake, watu wazima wenye presha ya siku nyingi, wenye kisukari na wenye uzito mkubwa.

Sasa misuli, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Ugonjwa huu haubaki kifuani. Misuli ya mapaja na miguu hubadilika: nyuzi zile zinazovumilia kazi ya muda mrefu hupungua, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli hupungua, mishipa midogo ya damu hupungua na haitanuki vizuri. Damu inafika mguuni, lakini mguu hauwezi kuitumia hewa yake ipasavyo. Misuli ya kuvutia pumzi nayo hudhoofika. Mtu aliyepandikizwa moyo mpya haamki siku inayofuata akakimbia. Nguvu zake hurudi polepole kwa miezi, kwa sababu moyo umebadilishwa na miguu ni ile ile.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kumlaza mgonjwa kitandani siku nzima kwa huruma kunamzidishia tatizo. Zamani madaktari wenyewe waliagiza mapumziko ya kitandani. Mtazamo ulibadilika, na mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa HF-ACTION, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,300 huko Marekani, Canada na Ufaransa, wote wakiwa na moyo dhaifu, yaani wenye ile asilimia ndogo, lakini hali imetulia. Mazoezi yaliyopangwa yalionekana ni salama kwao, na yaliwaongezea uwezo kiasi. Kiasi, nasisitiza, asije mtu akakuuzia muujiza.

Kuna jambo la damu. Mgonjwa wa moyo mwenye damu pungufu anabeba mizigo miwili. Utafiti wa wagonjwa wa moyo waliotibiwa Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Hata damu ikiwa ya kutosha, madini ya chuma yakipungua misuli inachoka, maana yanahitajika ndani ya misuli yenyewe. Kwa hiyo kliniki usiulize tu "damu iko ngapi?" Uliza pia kama kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, kinapatikana. Kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu waliokuwa na upungufu wa chuma, tafiti zimeonyesha kwamba dripu ya chuma iliwaongezea uwezo wa kutembea, wakati vidonge vya chuma havikuonyesha faida hiyo. Daktari ndiye wa kuamua. Ninachokusihi ni kutomjaza mgonjwa majagi ya juisi ya rozela "kuongeza damu", kwa sababu mgonjwa huyu mara nyingi amewekewa kipimo cha maji ya kunywa kwa siku.

Dawa nazo zina mchango. Bisoprolo na kavediloli hupunguza kasi ya moyo, na wiki za mwanzo, au dozi inapoongezwa, mgonjwa anaweza kuhisi mzito. Kwa wenye moyo dhaifu dawa hizi hurefusha maisha, kwa hiyo asiziache kimyakimya. Aseme, dozi iangaliwe. Dawa ya kukojoza ina kisa chake. Mama alikuwa anairuka siku za safari, maana kwenye daladala hakuna choo na foleni ya Mbagala haina huruma. Nilimwelewa kabisa. Lakini dawa ikirukwa maji yanabaki, na safari inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Tulimweleza daktari waziwazi, akaturuhusu kusogeza saa ya kumeza siku kama hizo. Waulizeni wenu.

Halafu zipo kazi zinazoonekana nyepesi. Kuinama ni moja. Wagonjwa wengi pumzi huwakata ndani ya nusu dakika wakiinama kufunga viatu au kufagia kwa fagio la chelewa, kwa sababu presha ndani ya kifua hupanda na moyo wao tayari umejaa. Kazi za mikono juu, kama kuanika au kusuka nywele, nazo zinachosha kuliko kutembea polepole. Kwetu tulishusha kamba ya nguo hadi usawa wa kifua, tukanunua fagio la mpini mrefu, tukaweka stuli bafuni na nyingine jikoni. Ugali anasonga mwingine, yeye anachambua mboga amekaa kitini. Gharama ni ndogo, na nguvu alizookoa anazitumia kutembea.

Kutembea kwenyewe tulianza baada ya daktari kusema hali imetulia. Ni mahali tambarare, asubuhi kabla jua halijawa kali, si mara baada ya kula. Mwendo wake ni ule unaomwezesha kuongea sentensi nzima. Akianza kukatakata maneno, tunapunguza au tunasimama. Siku asizotoka ananyanyuka na kukaa kwenye kiti kwa mafungu, akipumzika katikati. Kuna siku anaweza mengi na siku hawezi, na siku za pili ndizo zinazohitaji mdomo wa familia uwe mpole.

Na mkienda kliniki, msiseme "anachoka" tu. Kila mtu kliniki anachoka. Semeni kwa kazi: "Kabla ya Ramadhani alifika msikitini bila kusimama, sasa anasimama mara mbili." Madaktari hupanga wagonjwa kwa madaraja manne kulingana na shughuli zinazowakata pumzi, na sentensi kama hiyo inawasaidia kuliko mnavyodhani. Ulizeni pia kuhusu kipimo cha kutembea dakika sita. Mgonjwa anatembea kwenye korido iliyopimwa, umbali unaandikwa, na mnapata kitu cha kulinganisha kliniki ijayo.

Jambo moja sikubishanii hata kidogo. Watu wengi wenye ugonjwa huu kwetu bado wako kwenye umri wa kazi. Utafiti wa nchi 9 za Afrika uliochapishwa mwaka 2012, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52. Ni mtu mwenye biashara, mwenye shamba, mwenye watoto shuleni. Kumwita mvivu ni kumfanya afiche dalili, na kufichwa kwa dalili kunaua.

Dalili zenyewe ni hizi. Mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku tatu, miguu ikivimba, akiongeza mto ili aweze kulala, au akiamka usiku anatafuta pumzi, acheni mazoezi na mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kukosa pumzi akiwa amekaa, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Tafuteni gari.