Kabla Hujafungua Kifaa Chako: Maneno ya Fundi wa Moshi

Vifaa vingi vinavyowekwa juu ya meza yangu hapa Moshi huja na ubovu wa aina mbili: ule ulioanza wenyewe, ambao mara nyingi ni mdogo, na ule ulioongezwa na mwenye kifaa Jumapili mchana, akiwa na kisu cha mezani, video aliyoitazama nusu na imani kubwa. Ubovu wa pili ndio unaokula fedha. Siwakatazi watu kufungua vitu vyao, lakini ningependa wajue mambo huharibikia wapi hasa, kwa sababu nimeona kwamba watu wasiofahamiana kabisa, mmoja wa Majengo na mwingine wa Kibosho, huharibu kitu kilekile kwa namna ileile.

Chukua feni ya mezani. Nati inayoshika panga za feni nyingi hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine hufungia, na imetengenezwa hivyo makusudi ili mzunguko wa panga usiilegeze. Asiyejua hilo huzungusha upande aliouzoea, nati inakaza, anaitwa kijana wa jirani mwenye nguvu, nati inakaza zaidi, plaizi inaletwa, na mwishowe plastiki inapasuka. Mama mmoja aliniletea feni ikiwa mkono huu na panga zikiwa ndani ya mfuko mkono ule, akasema kwa utulivu mkubwa, "Fundi, baba watoto ameisafisha."

Friji nayo huuawa kwa kisu. Barafu ikijaa kwenye sehemu ya kugandishia, mtu hukosa subira na kuanza kuichokoa, bila kujua kwamba katika friji nyingi za kawaida kuta zile ni bati jembamba la aluminiamu lenye njia za gesi ndani yake. Ukisikia mlio wa "sss", umekwisha kununua kazi kubwa. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo inawaka, kwa hiyo wakati huo usiwashe kiberiti kutazama kilichotokea, fungua madirisha. Dawa ya barafu ni kuchomoa plagi, kuacha mlango wazi, kuweka ndani sufuria la maji ya moto na kwenda kufanya shughuli nyingine.

Hata hivyo, vituko vikubwa viko kwenye kamera. Mji wetu una kamera nyingi kuliko mgeni angedhani, kwa kuwa baadhi ya waongozaji na wapagazi wa mlimani huachiwa na watalii, na kwa kuwa msimu wa kipaimara na harusi hulisha wapiga picha wengi. Kijana mmoja wa kazi hiyo aliona doa la ukungu ndani ya lenzi yake ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Doa dogo la namna hiyo kwa kawaida halionekani hata kidogo kwenye picha, lakini lilimnyima usingizi, akaifungua lenzi. Sasa, hesi za ndani ya lenzi hazina mwanzo mmoja kama za chupa ya maji. Zina mianzo kadhaa, na usipoweka alama mahali zilipoachana, unaweza kuzirudisha kwa mwanzo usio wake. Lenzi itazunguka vizuri kabisa, ila haitaona mbali. Akaenda nayo kanisani. Picha zilitoka na mashemasi waliokuwa karibu wakiwa safi hadi vifungo vya kanzu, na baba askofu kule altareni akiwa wingu jeupe lenye kofia.

Yuko mwingine aliyebandika pete ya mbele ya lenzi kwa supaglu, kisha akaifungia kwenye mkoba wake usiku kucha. Mvuke wa gundi hiyo hutua kwenye kioo na kuacha utando mweupe, hivyo asubuhi dunia nzima ilikuwa kama Marangu ya mwezi wa saba. Alipoona hivyo akausugua utando kwa dawa ya meno. Utando ulitoka pamoja na rangi ya kinga ya kioo. Na wale wanaopuliza mafuta kwenye lenzi iliyokaza wajue kwamba mafuta hutambaa hadi kwenye vile visu vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, ambavyo vinatakiwa kuwa vikavu, na vikilowa hushikana.

Halafu skrubu. Kamera nyingi za Kijapani zina skrubu za kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, ambazo kwa macho ni sawa na za msalaba wa kawaida, lakini bisibisi ya kawaida huteleza na kukwangua kichwa. Tena hazilingani urefu: ukitia ndefu kwenye tundu la fupi, inatoboa kilicho chini yake, na kilicho chini yake kwa kawaida ni sakiti.

Kuna mahali sicheki. Kapasita ya flashi ya kamera, yaani kile kipande kinachohifadhi umeme, hubeba volti 300 hivi, na huweza kubaki nazo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Maikrowevu ni mbaya zaidi: ndani yake kuna zaidi ya volti 2,000, na kapasita yake inaweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo hicho usikifungue kabisa. Vivyo hivyo pasi au jiko la wali ambalo fyuzi yake ya joto imekatika na mtu akaunganisha kwa kipande cha waya. Kifaa kitafanya kazi, na ndilo tatizo lenyewe, kwa kuwa siku kidhibiti joto kitakapogoma hakuna tena cha kukata umeme kabla nyumba haijashika moto.

Kwa vilivyobaki, fungua ukitaka. Piga picha kwa simu kila hatua, bandika skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio uleule uliozikuta, na kifuniko kikigoma usikibanjue, kwa sababu karibu kila mara kuna skrubu iliyojificha chini ya stika au ya mguu wa mpira. Ukishindwa, niambie ukweli. Sentensi ninayoisikia kuliko zote ni "Fundi, kilijizima tu chenyewe," nami nikitazama skrubu zilizokwanguliwa huuliza tu kwa adabu kama nazo zilijikwangua zenyewe. Uongo huo hunichelewesha, kwa maana naanza kutafuta ubovu ambao haupo, na muda wangu unaulipia wewe.

Mzee mmoja wa Machame aliniletea redio yake ikiwa vipande vitupu ndani ya kopo la siagi, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mwandiko wa kalamu ya wino kipi kilitoka kwanza na kipi kilifuata, na mwishoni ameandika: "Hapa niliogopa." Nilimtoza bei ya kuunganisha waya mmoja, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa umekatika.